Mzazi Hanywi Kahawa, Ati!

Ukitaka kujua nchi hii ina madaktari wangapi, usiende wizarani kuuliza. Zaa. Kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka watakuwa wamefika wote: wamevua viatu mlangoni, wamejipanga mkekani, wameulizia maji ya kunywa, na wameanza kutoa maelekezo. Huyu anasema mtoto afunikwe, yule anasema afunuliwe. Huyu anataka apakwe wanja, yule anataka wanja ufutwe. Wote wana uzoefu, na uzoefu wa kila mmoja wao unaanza na maneno "mimi wanangu wote".

Niliyastahimili. Nilikandwa kwa maji ya moto mpaka majirani wakatoka nje kuuliza kulikoni. Nilikunywa uji wa pilipili manga wenye ukali wa kumtoa nyoka pangoni bila maneno matamu. Supu ya pweza nilikunywa, supu ya kuku wa kienyeji nilikunywa, na mtori wa jirani yetu wa Kichaga nao ukapita. Tumbo lilifungwa kanga likabanwa hadi pumzi ikawa ya mgao. Nikasema sawa, ndiyo mila, na wenye mila wananipenda. Ila walipofika kwenye kahawa, hapo tukaanza kutazamana.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu kahawa haihitaji mashine ya kupiga mvuke wala kijana aliyevaa aproni. Inahitaji dele, makaa, na mzee anayepita mtaani akigonganisha vikombe. Baba na wenziwe walikaa barazani baada ya sala ya alasiri, wakanywa kahawa chungu kwa vikombe visivyotosha kuogeshea sisimizi, wakatafuna kashata, wakapanga upya serikali. Sisi wasichana tulitumwa na chupa ya chai kumfuata muuza kahawa, kwa kuwa mwanamke haketi kijiweni. Kilichopungua njiani baina ya kijiwe na nyumba hakuna aliyekipima. Nilipohamia Dar es Salaam kikazi, kahawa ilinifuata. Asubuhi bila kikombe mimi huwa sisalimii, huwa naitikia tu.

Ujauzito ulipoingia nilipunguza mwenyewe, bila kushikiwa fimbo. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, kwa sababu kafeini nyingi inahusishwa na mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Hapo sina ubishi. Nikajipa moyo kwamba siku nikijifungua, nitajifungulia na kahawa yangu.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyeshuka kutoka Tanga kuja kunilea. Mwanamke mwema, mkono mwepesi jikoni, kauli nzito sebuleni. Siku niliyonyoosha mkono kuelekea kwenye kikombe cha mume wangu, aliudaka hewani.

"Weye mwana! Mzazi hanywi kahawa, ati! Kahawa inakausha maziwa."

Jirani aliyekuja na sabuni ya mtoto akaongeza kwamba hata yasipokauka yatakuwa machungu, na mtoto atasusa. Mwingine akasema mtoto hatalala mpaka aanze shule. Binamu yangu wa kiume, ambaye katika maisha yake hajanyonyesha hata kinda la ndege, akasema moyo wa mtoto utakwenda mbio. Ameona kwenye simu. Mume wangu hakusema kitu. Alikuwa anamalizia kikombe. Sheria ya kazi inampa baba likizo ya siku 3 za malipo mkewe akijifungua, na nadhani mtunga sheria aliona hizo zinatosha mwanamume kunywa kahawa mbele ya mkewe, akahisi vibaya, kisha akaendelea kunywa.

Tangu siku ile kahawa ikawa mshitakiwa wa kudumu. Mtoto akilia, kahawa. Akipiga chafya, kahawa. Akilala mno, ati kahawa niliyoinywa wakati wa ujauzito ndiyo inamtoka sasa. Hata alipopata vipele vya joto, joto la Dar lililokuwa linatutoa jasho sote, shangazi alinitazama kwa jicho la hakimu.

Sasa sikilizeni uonevu wenyewe. Kila asubuhi shangazi alinichemshia chai ya rangi, nyeusi tititi, majani yamechemka mpaka yamesalimu amri, akaitia tangawizi, akanijazia kikombe kile kikubwa cha bati. "Kunywa mwanangu, chai inavuta maziwa." Saa nne, chai. Alasiri, chai na mkate wa kumimina. Usiku kabla ya kulala, chai, nipate usingizi! Na chai, ndugu msomaji, ina kafeini ileile. Kikombe kikubwa cha chai ya rangi huwa na miligramu 40 hadi 50 hivi. Ikichemshwa sana inazidi. Kahawa ya unga, ile ya kopo kama Africafé inayotengenezwa Bukoba, kikombe chake huwa na kama miligramu 60. Kwa hiyo mtu aliyeninyima kikombe kimoja cha kahawa asubuhi alikuwa ameninywesha viwili vya chai kabla ya adhuhuri, kwa upendo na kwa tangawizi.

Wageni nao hawakubaki nyuma. Mila imebadilika, siku hizi mtu haji kumwona mzazi na kuku. Anakuja na kreti ya soda. Soda nyeusi chupa moja ina zaidi kidogo ya miligramu 30. Shangazi anaifungua mwenyewe, kwa meno ikibidi, anasema inashusha gesi.

Kilele kilikuwa kichwa. Mtu aliyezoea kahawa akiiacha ghafla, kichwa huanza kumgonga ndani ya siku moja, na mateso yanaweza kuendelea hata wiki. Ni jambo linalojulikana: mishipa ya damu iliyozoea kubanwa na kafeini inatanuka, na mwenye kichwa anajuta kuzaliwa. Nikamwambia shangazi kichwa kinapasuka kwa sababu ya kukosa kahawa. Akasikitika sana, akafungua mkoba wake, akanipa Panadol Extra vidonge viwili.

Msomaji, geuza lile boksi usome. Kila kidonge cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini. Viwili ni 130. Kichwa kikatulia palepale, shangazi akashukuriwa na nyumba nzima, na mimi nikabaki nimetazama dari. Yaani nikitaka kafeini nyumbani kwangu, inabidi niumwe kwanza.

Ndipo nikaanza kuwauliza watu wanaojua na kusoma. Usiku wa mzazi ni mrefu, kusoma kunawezekana, mkono mmoja una mtoto na mwingine simu. Hiyo kafeini ilitenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1819 na mkemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, baada ya mshairi Goethe kumpa buni na kumwambia azichunguze. Labda mshairi alitaka kujua kwa nini halali. Angekuwa na mtoto mchanga asingehitaji mkemia.

Kazi yake ni hii. Mchana kutwa ubongo unakusanya kitu kiitwacho adenosini, na kikishajikusanya cha kutosha kinakaa mahali pake na kukuambia ulale. Kafeini ni yule abiria wa daladala anayerukia dirishani na kukalia kiti ulichowekea leso. Adenosini inafika, inakuta kiti kina mtu, inabaki imesimama mlangoni. Uchovu uko palepale. Umekosa tu pa kukaa. Ndiyo maana kahawa ikiisha nguvu mtu anaanguka mzimamzima.

Na kwenye maziwa je? Inaingia, tusidanganyane. Kiwango chake kwenye maziwa hufika juu kati ya saa moja na mbili tangu mama anywe. Lakini kinachomfikia mtoto kwa kawaida ni karibu asilimia 1 ya alichokunywa mama. Habari ya kukausha maziwa haina mguu wa kusimamia: kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya, na kunyonya mara nyingi, na titi kumalizwa. Na maziwa hayageuki machungu. Kama yangekuwa yanachukua ladha ya kila kinachopita, mwanangu angekuwa wa kwanza kulalamikia uji wa pilipili manga.

Ila shangazi ana haki yake, nami nitampa, maana nimekula supu zake. Ini la kichanga halijakomaa. Mtu mzima akinywa kahawa, nusu ya kafeini humtoka mwilini kwa saa 5 hivi. Kwa mtoto aliyezaliwa juzi, nusu hiyo huchukua saa 80 hadi 100, yaani siku tatu nne. Kikombe cha Jumatatu kinakutana na cha Jumanne, na Jumatano wanafanya kikao. Ndiyo sababu mtoto mdogo sana, ambaye mama yake anakunywa kupita kiasi, anaweza kuwa na mashaka: hatulii, hasinzii, mikono inatetema. Akifika miezi mitatu hadi mitano muda huo umeshuka hadi saa 14 hivi, na akitimiza miezi sita anaitoa haraka hata kumpita mama yake, kwa saa mbili tatu. Kwa hiyo katazo la shangazi lina ukweli wa arobaini. Kosa lake ni kulifanya la miaka miwili, na kulipa rangi ya kahawa peke yake huku chai ikipita mlango wa mbele imevaa kilemba.

Vipimo vyenyewe vipo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitamka mwaka 2015 kwamba anayenyonyesha akitumia hadi miligramu 200 kwa siku, hata kwa mkupuo mmoja, hakuna wasiwasi kwa mtoto. Wamarekani, kupitia kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, wanakwenda hadi 300, ambazo wanazihesabu kuwa ni vikombe viwili vitatu vya kahawa. Mimi nimechagua za Ulaya. Nina shangazi ndani, siwezi kuishi maisha ya Kimarekani.

Na Wabrazili, ambao wakisema habari za kahawa watu hunyamaza, waliwafuatilia watoto zaidi ya 800 mjini Pelotas, na mwaka 2012 wakatoa majibu: waliolinganishwa walikuwa mama wanaokunywa kafeini nyingi na wasiokunywa, na watoto wao wa miezi mitatu hawakutofautiana kwa maana yoyote katika kuamka usiku. Nilimsomea shangazi. Akauliza hao Wabrazili wanalala saa ngapi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi."

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyenionya, na ndilo lililostahili mkutano wa mkekani. Kahawa na chai, zote mbili, huzuia mwili usichukue madini ya chuma kutoka kwenye chakula, hasa chuma cha mbogamboga na maharage. Huko Costa Rica watafiti walieleza mwaka 1988 kwamba mama waliokunywa kahawa nyingi, zaidi ya mililita 450 kwa siku, walikuwa na chuma pungufu hata kwenye maziwa yao. Sasa sisi huku tunampa mzazi vidonge vya kuongeza damu, tunampikia mchicha na maharage aongeze damu, halafu tunamteremshia vyote kwa chai nyeusi ya moto. Damu itaongezeka kwa dua. Kunywa chai au kahawa yako mbali na chakula, saa moja nyuma au mbele, na vidonge meza kwa maji, au juisi ya chungwa kama ipo. Hilo ningelipigia ngoma.

Muuguzi wa kliniki, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, nilimuuliza swali langu mbele ya benchi zima la akina mama wenye kanga na kadi za kliniki. Alikuwa anasoma mizani. "Mtoto wako ametimiza miezi?" Ametimiza. "Uzito unapanda?" Unapanda. "Hakuzaliwa njiti?" Hapana. "Kunywa. Usizidishe. Ukiona hatulii, punguza, umwangalie siku kadhaa." Akaita namba inayofuata. Benchi zima likaguna. Nadhani walitegemea nitakemewa.

Aliposema njiti nikakumbuka jambo nililolihifadhi kwa ajili ya shangazi kama turufu. Watoto wanaozaliwa kabla ya wakati mara nyingine husahau kupumua. Ubongo haujashika zamu sawasawa. Dawa wanayopewa wodini, iliyomo hata kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu za watoto, ni kafeini. Kafeini sitrati, kwa kipimo cha daktari, chini ya uangalizi. Nilimtupia shangazi turufu ile wakati wa chakula cha usiku. Alitafuna kimya, akameza, akasema: "Na wewe ni njiti?"

Hapo ndipo mama mkwe alipowasili kutoka Bukoba.

Mama mkwe wangu ni Mhaya, mrefu, mwenye salamu zinazochukua robo saa. Alishuka basi na mkungu wa ndizi, senene waliokaangwa kwenye kopo la siagi, na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Alipomaliza kumsalimia kila mtu, pamoja na mtoto aliyekuwa amelala, alifungua kifurushi. Ndani yake mlikuwa na buni za kutafuna. Kwa wasiozijua: huko Kagera kahawa haikuanzia kwenye kikombe. Buni huchumwa, huchemshwa na majani ya kunukia, zikakaushwa juani na ganda lake, zikawekwa nyumbani kwa ajili ya mgeni. Mgeni akifika hupewa atafune kabla ya jambo lolote. Zamani, magharibi ya Ziwa Victoria, watu walichanjiana udugu kwa buni mbili zinazokaa ndani ya tunda moja. Kukataa ni kumwambia mwenyeji hupendi nyumba yake.

Shangazi ni mtu wa heshima kupita kiasi. Hilo ndilo lililommaliza.

Mama mkwe alimpa kwa mikono miwili. "Pokea, mkwe. Ni za shambani kwetu."

Nilimwona shangazi akihesabu akilini. Upande mmoja, kahawa. Upande mwingine, ukoo wa mume wa mtoto wa kaka yake, tena siku ya kwanza. Akapokea kwa mikono miwili vilevile, akatia mdomoni, akatafuna. Uso ukakunjamana, ukakunjuka. "Tamu ati," akasema. Akaongezewa. Wakaanza kuzungumza: bei ya nazi, bei ya ndizi, wanaume, magoti yanavyouma, harusi za siku hizi, tena wanaume. Kifurushi kipo katikati. Mikono inakwenda, mikono inarudi.

Mimi nilijua jambo ambalo shangazi hakulijua. Kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, na robusta ina kafeini takriban mara mbili ya arabika, hii inayolimwa Kilimanjaro. Na anayetafuna haachi machicha kwenye dele. Anameza na machicha. Ningeweza kusema. Lakini wakubwa wakizungumza mdogo hakati neno, ndivyo shangazi alivyonilea.

Saa tano usiku mama mkwe alikwenda kulala, amezoea. Shangazi akabaki ameketi kitini, macho kama taa za lori. Saa sita akafagia sebule. Saa saba akapanga vyombo kabatini, akavipangua, akavipanga upya kwa ukubwa. Mtoto alipoamka kunyonya nilimnyonyesha, nikataka kumlaza, shangazi akamchukua. "Niachie. Lala weye." Nikalala. Alimbeba, akambembeleza, akamsimulia habari za ukoo mzima kuanzia Pangani hadi Moa, akaniletea tena anyonye, akamchukua tena. Mpaka adhana ya alfajiri shangazi alikuwa wima. Tangu nijifungue sikuwahi kulala usingizi wa namna ile, na wala si mimi niliyetumia kafeini.

Asubuhi alinitazama kwa macho mekundu. "Ile kitu," alisema, "inaitwaje vile?" Nikamwambia ni kahawa, shangazi. Akafikiri. "Hebu nichemshie chai," akasema.

Tangu siku ile tuna mkataba usioandikwa. Kikombe kimoja asubuhi, baada tu ya mtoto kunyonya, ili kafeini ifike juu wakati yeye amelala. Wenye vitabu wanashauri hivyo, na mimi nawaheshimu, ingawa nashuku hawajawahi kukutana na mtoto anayenyonya kwa ratiba. Wangu ananyonya kwa hisia. Kikombe cha pili mchana, kabla ya alasiri, na siku hiyo chai ya shangazi inahesabiwa na soda ya mgeni inahesabiwa. Mume wangu naye amejifunza kunywa jikoni, mlango umefungwa, kama mtu mwenye adabu.

Sasa nimerudi kazini. Siku 84 za likizo ya uzazi zimekwisha, na kwa wenye mapacha zingekuwa 100. Sheria hiyohiyo inanipa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi. Mwenzangu wa meza ya pili anaziita "mapumziko yako", nami namtazama. Juzi aliniona napiga miayo, akanisogezea kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, vile wanavyokunywa madereva wa bodaboda. Kopo la robo lita lina miligramu 80 hivi, na yapo makubwa zaidi ya hapo, na ukisogeza macho karibu utaona maandishi madogo yanayosema halifai kwa watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Ile herufi ya sisimizi ndiyo ushauri wa bure, na hakuna shangazi aliyewahi kuisoma kwa sauti. Binamu yangu wa moyo kwenda mbio huyanywa mawili kwa siku.

Basi ninyi mnaokwenda kumwona mzazi mwisho wa wiki hii, nawaomba. Acheni kreti ya soda dukani. Pelekeni mchicha, pelekeni pweza, pelekeni sabuni, mfue na nepi mkiwa mnazungumza. Mkimkuta na kikombe kidogo cha kahawa, mtoto ananyonya na uzito unapanda, msimpokonye. Na kama lazima mpokonye kitu, mpokonyeni mtoto kidogo, mama alale.